Uzi wa Mtande

Bi Sufu hakuwa mwongo, na balaa lake lote lilianzia hapo: alilijua hilo, na alitaka watu wengine nao walijue. Katika ukumbi wa wauza kazi za mikono, meza yake ilikuwa karibu na mlango, upande unaoingia jua la asubuhi, na juu yake hapakuwa na kitu ila blanketi za sufu. Hakuuza hereni. Hakuuza vibeti wala vijitu vya mbao vya kuweka kabatini. Mteja akimuuliza kama hana kitu kidogo cha kutia mfukoni, alimjibu, "Nenda kwa jirani," na jirani alielewa kwamba hilo halikuwa neno la ukarimu.

"Sufu tupu," ndivyo alivyomwambia kila aliyesimama mbele ya meza yake. "Nimeisokota mimi, ameifuma wifi yangu. Hakuna mkono wa tatu."

Kazi hiyo aliipata kwa ndoa. Alipoolewa, akiwa bado anaona haya kula mbele ya wakwe, mama mkwe alimwita uani akamtia mkononi pia ya kusokotea, yaani kijiti chembamba chenye kigurudumu cha mti karibu na ncha ya chini. "Mwanamke wa nyumba hii hakai mikono mitupu," alimwambia. Akamfundisha kuchambua manyoya ya kondoo, kutoa miiba na samadi, kuyaosha kwa maji ya vuguvugu bila kuyasugua, kuyachana kwa brashi mbili za meno ya waya mpaka yawe mepesi kama pumzi. Kisha kuyavuta kidogo kidogo kwa vidole, huku pia ikining'inia na kuzunguka, manyoya yakijipota yenyewe kuwa uzi.

Siku za mwanzo uzi ulikatika, pia ikaanguka na kugonga saruji. Mama mkwe hakumgombeza. Alikohoa tu, kikohozi kifupi kikavu. Bi Sufu angependa matusi kuliko kikohozi kile. Alijifunza kwa ajili ya kukinyamazisha, na siku kilipokoma alijua kwamba amekuwa mtu katika nyumba ile.

Mdogo wa mume wake alikuwa mfumaji. Wakati huo alikuwa binti mchanga, mwenye miguu isiyofika vizuri chini akikaa kwenye kitanda cha kufumia, lakini mikono yake ilikuwa na haraka na macho yake hayakukosea mstari. Yule alimwita huyu wifi, huyu alimwita yule wifi, na majina yao halisi yakaanza kusahaulika nyumbani. Binti akaolewa, ndoa ikamshinda, akarudi na mfuko mmoja wa nguo. Hakuna aliyemuuliza neno. Asubuhi yake alikaa kwenye kitanda chake cha kufumia, akaendelea pale alipoachia. Baadaye mama mkwe akafa, mume wa Bi Sufu naye akafa, na nyumba ikabaki na wanawake wawili, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kazi.

Sasa, blanketi ina uzi wa aina mbili. Upo mtande, yaani nyuzi za kusimama, zinazotandwa kwenye kitanda cha kufumia na kukazwa kabla kazi haijaanza. Na upo mshindio, uzi unaopita katikati ya hizo, kwenda na kurudi. Mshindio unaweza kuwa laini na mvivu, hauna mzigo. Mtande ndio unaobeba. Unavutwa, unasuguliwa, unapigwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo lazima usokotwe kwa nguvu na kwa usawa. Na blanketi ikishamalizika hauonekani, kwa kuwa mshindio umeufunika wote. Unaonekana mahali pamoja tu, kwenye matamvua ya ncha zote mbili.

Bi Sufu alijivunia uzi wake wa mtande kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Aliwahi kumwambia mteja aliyesifu rangi, "Achana na rangi. Shika hapa," akamwekea matamvua kiganjani kama anayemkabidhi ufunguo wa nyumba.

Miaka ya karibuni yalitokea mambo mawili madogo nyumbani, na hakuyatilia maanani. La kwanza, wifi yake alileta kipande cha zulia kuukuu, akakitandika chini ya kiti chake cha kusokotea.

"La nini hili?"

"Saruji ina baridi, wifi. Miguu yako."

La pili, blanketi zikaanza kutoka bila matamvua. Wifi yake alizikunja ncha na kuzishona pindo.

"Mbona umezikata ndevu?" Bi Sufu aliuliza.

"Watu hawataki matamvua siku hizi. Yanakokota vumbi."

Alinung'unika, akaacha. Mfumaji ana mamlaka yake. Na vidole, kweli, vilikuwa na ganzi, kidole gumba na cha shahada, hasa asubuhi. Aliyalaumu maji ya kuoshea sufu.

* * *

Mama Mabunda alipata jina lake kwa sababu bidhaa zake zilikuja ukumbini zimefungwa kwa mabunda, juu ya mkokoteni. Mwanzoni aliuza vikapu alivyosuka mwenyewe, tena vizuri. Kisha vikapu vikapungua na blanketi zikaongezeka, laini, za rangi kali, zote zikifanana kama mapacha, na kila moja imebandikwa kikaratasi kilichoandikwa "Kazi ya Mikono". Alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa kukopesha chumvi na kubeba mtoto wa mtu. Ukumbi mzima ulimpenda. Jambo hilo lilimtia Bi Sufu uchungu zaidi kuliko zile blanketi.

Kwenye mkutano wa wauzaji, siku ambayo ukumbi haufunguliwi kwa wateja, Bi Sufu alisimama.

"Ndugu zangu, sisi tunauza jina. Mtu anayapita maduka yote ya mjini yenye blanketi za bei chee, anakuja hapa. Kwa nini? Kwa sababu tumemwambia vitu hivi vimetoka mikononi mwetu. Leo yupo mtu vyake vimetoka kwenye bunda, na ameandika kazi ya mikono. Mikono ipi? Ya kubandika kikaratasi?"

Watu wakacheka. Mama Mabunda naye alicheka, ila jicho lake lilibaki palepale.

"Dada, kama una jambo na mimi nitaje, usinizunguke kama nzi."

"Sina jambo na mtu. Nina jambo na uongo."

"Haya. Na huo uongo utaujuaje? Utaunusa?"

"Ndiyo," alisema Bi Sufu. "Nitaunusa."

Akawaeleza. Sufu ikichomwa hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake hupondeka kwa kidole. Uzi wa plastiki wa kiwandani unasinyaa, unadondoka, na ukipoa unakuwa kidonge kigumu cheusi. Basi iwe hivi: kila mkutano, kila meza ya nguo, uzi mmoja na kiberiti. Atakayeyeyuka aondoke ukumbini.

"Jamani, na mimi je?" alipaza sauti Fundi Mwiko, mchongaji wa miiko na mabakuli, mtu asiyeweza kukaa na mzaha tumboni. "Mwiko wowote ukiuchoma unaungua! Mimi tayari nimefukuzwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti, fundi wa viatu vya ngozi, alipiga meza kuomba utulivu, akasema anayekubali anyooshe mkono. Mikono ilipanda polepole, mmoja ukimwangalia mwenzake. Nani angekubali kuonekana amebaki na mkono chini? Hata Mama Mabunda aliunyoosha wake.

"Vizuri," alisema. "Aliyetunga sheria aanze."

Bi Sufu alikuwa akiomba aambiwe hivyo. Alichukua blanketi ya juu kwenye rundo lake, akavuta uzi kwa sindano, akauwasha. Harufu ya nywele ikaenea. Akaliponda jivu mbele ya Mwenyekiti, na baadhi ya watu wakapiga makofi.

"Ngoja kwanza," Mama Mabunda alisema, akajikokota mpaka mbele. "Huo ni uzi wa kupita. Mimi nautaka wa kusimama. Zamani blanketi zako zilikuwa na matamvua, dada. Mtu wa mabunda ni mimi, lakini macho ninayo. Matamvua yalikwenda wapi?"

"Wifi yangu anazishona pindo. Watu hawayataki siku hizi."

"Nani kakwambia? Wangu kila siku wananiulizia yenye matamvua."

Hapo angeweza kusita. Hakusita. Alichukua mkasi mdogo akafumua pindo mwenyewe, kwa madaha kabisa, kama mama anayemfungua mtoto nguo ili watu wamwone alivyonona. Ncha za mtande zikachomoza. Akashika moja. Vidole vyake havikumwambia kitu. Macho ndiyo yaliyoona kwamba uzi ule ni mweupe mno, umenyooka mno, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshawasha kiberiti.

Haukunuka nywele. Ulinuka kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto. Ulisinyaa, tone likadondoka juu ya meza, likapoa mbele ya macho ya wote.

"Hapana," alisema Bi Sufu. "Huu umeingia kwa bahati mbaya."

Akachoma wa pili. Akafumua blanketi nyingine, akachoma. Akafumua nyingine. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuna aliyemzuia. Vidonge vyeusi vilijipanga mezani kama mbegu za mpapai. Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

"Tukutane kesho asubuhi," alisema hatimaye. "Twendeni nyumbani kwanza."

* * *

Wifi yake alikuwa kwenye kitanda cha kufumia, mgongo kwa mlango. Bi Sufu alivimwaga vile vidonge juu ya kazi iliyokuwa mbele yake.

"Hivi ni nini?"

Mfumaji alivitazama. Mikono yake ikaachia kazi, ikalala mapajani.

"Ni mtande," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu matamvua yalipoondoka."

"Kwa nini, wifi? Nimekukosea nini mimi?"

"Uzi wako unakatika."

"Uzi wangu?"

"Unakatika, wifi. Nikiutanda unakatika, nikiukaza unakatika. Ile blanketi ya mwisho niliyoifuma kwa uzi wako wote, nilifunga vifundo mpaka nikalia. Vidole vyako havisikii tena. Hapa umeusokota mpaka umekuwa kamba, hatua moja mbele hujausokota kabisa, ni manyoya tu yameshikana mikono. Kwa mshindio unafaa. Ule wa mtande naukunja mara mbili, nao naupitisha kama mshindio. Hakuna hata unyoya wako mmoja niliotupa."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Wewe! Unajua pia inakuponyoka mara ngapi kwa siku? Hujui. Hilo zulia ulidhani la nini?"

Bi Sufu aliangalia chini ya kiti chake. Zulia lile lilikuwa na shimo dogo katikati, limechimbwa na ncha ya kijiti. Alikuwa amelitazama siku zote akadhani limeliwa na nondo.

"Nimesimama pale," alisema polepole, "nikiwaambia watu sufu tupu, nikiwaangalia usoni. Umenifanya mwongo."

"Nilikufanya uendelee kusokota."

"Sikukuomba."

"Hukuniomba. Hujawahi kuniomba kitu, wala kuniuliza. Wewe ukishasema jambo limekwisha."

Kisha Bi Sufu akaenda kwenye kapu, akatoa donge la uzi wake wa mtande, aliousokota juma lile na kuuona mzuri.

"Tanda."

"Wifi, acha."

"Tanda, nimesema."

Wifi yake alitanda nyuzi chache pembeni ya kitanda cha kufumia, taratibu, kama mtu anayemfunga mgonjwa bandeji. Alipoanza kukaza, wa kwanza ukaachia. Akatanda mwingine, ukaachia. Wa mwisho Bi Sufu aliushika mwenyewe, akauvuta kati ya mikono yake miwili, bila nguvu kubwa. Uliachana bila hata sauti, na ncha mbili za manyoya zikabaki zikipepea.

Alikaa kwenye kiti chake akauficha mkono wa kulia kwapani, kana kwamba umefanya jambo la aibu.

Asubuhi, kabla hajatoka, wifi yake alimfuata mlangoni.

"Watakwambia ubaki. Nawajua, watakwambia. Wakikwambia baki, tafadhali, baki. Sema nilikosea mimi, sema lolote. Mimi nina mikono miwili na kitanda cha kufumia, sina kingine."

Bi Sufu alijifunga kanga yake, akatoka.

* * *

Na kweli, wakamwambia abaki. Walikuwa wameshaongea, ilionekana wazi, kwa sababu wote walikuwa wapole.

"Mama," alianza Mwenyekiti, "kusema kweli hiyo sheria yako hakuna atakayesalimika nayo. Soli za viatu vyangu mimi mwenyewe zimetoka kiwandani. Yule wa shanga, unajua anakozichukua. Tuiache tu. Wewe useme umeifuta, tufunge mazungumzo, ukae mezani kwako. Hakuna mteja aliyeona."

"Andika nusu kwa nusu," Fundi Mwiko alisema, safari hii bila mzaha. "Kiwanda kimesimama, wewe umepita katikati. Si uongo."

"Kaa, dada," alisema Mama Mabunda. "Mimi sina kinyongo. Tuuze, tule, siku ziende."

Alilisema kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimchoma Bi Sufu mahali ambapo kejeli isingefika. Aliitazama meza yake na jua juu yake. Alimfikiria wifi yake kwenye kile kitanda, mgongo kwa mlango. Jambo lilikuwa jepesi. Neno moja, na wanawake wawili wangeendelea kula kwa jasho lao. Lakini angekaa pale aseme nini? Nusu kwa nusu angeweza kuisema, hilo kweli lisingekuwa uongo. Ila sheria aliitoa yeye, kwa mdomo wake, ili imtoe mtu mwingine. Kama ilikuwa ya haki kwa Mama Mabunda, ilikuwa ya haki kwake. Na kama haikuwa ya haki kwake, basi jana hakusimama kuitetea kweli. Alisimama kumfukuza mwanamke aliyependwa kuliko yeye. Hilo hakuweza kulitazama.

"Nilisema atakayeyeyuka aondoke," alisema. "Nimeyeyuka."

Akakusanya blanketi zake. Walimsaidia kuzifunga, na ndiyo mara ya kwanza Bi Sufu alitoka ukumbini akiwa na bunda.

Alikuwa sahihi. Ni vigumu kulisema hili bila kuonekana unamlaumu, lakini lazima lisemwe: alikuwa sahihi, na hakuna aliyepata nafuu. Kweli aliyoitetea haikukaa ukumbini hata kidogo baada yake. Mkutano uliofuata hakuna aliyeleta kiberiti, na sheria ilikufa bila hata kupigiwa kura. Meza yenye jua alipewa Mama Mabunda, kwa kuwa ya kwake ilikuwa haitoshi. Akatandaza juu yake blanketi mpya zenye matamvua marefu meupe, na vikaratasi vyake.

Wifi yake alilia siku ile tu. "Ulijichagulia," alisema. "Tulikuwa mimi nawe, ukajichagulia peke yako." Baada ya hapo hakulirudia. Alikifunika kitanda cha kufumia kwa mojawapo ya blanketi zisizouzika, akaenda kutafuta kazi, akaipata kwa dobi mkubwa anayefulia nyumba za wageni. Huko anakunja mashuka ya kiwandani tangu asubuhi, yeye na mwenzake, huyu ncha hii, yule ncha ile, wakisogeleana na kuachana. Anasema mikono haichoki, ni mgongo tu. Anarudi, anapika, wanakula. Wanaambiana chumvi ilipo.

Bi Sufu bado anasokota. Hakuna anayeungoja uzi wake, wala hakuna kitakachotandwa, lakini mikono ile haijui kukaa mitupu. Jambo moja alilibadilisha. Siku ya pili baada ya kuondoka ukumbini, alilivuta lile zulia kutoka chini ya kiti, akalikunja, akalitoa nje uani. Sasa anasikia. Uzi unavutika, unavutika, halafu unaachia, na pia inagonga saruji. Anainama, anaiokota, anaunga, anaanza tena.

Wifi yake akirudi jioni huusikia mlio huo kabla hajafungua mlango. Husimama nje na mfuko wake mkononi, akingoja ukome ndipo aingie. Haukomi. Mwisho huingia tu.